Chai ya Barafu ya Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania, chai huchemshwa sufuriani pamoja na maziwa, ikatiwa sukari, tangawizi au iliki, kisha ikawekwa kwenye chupa kumsubiri atakayeingia. Utaratibu huo unaifaa sana chai ya aina hiyo. Unapohamishiwa kwenye chai ya barafu, ambayo hunywewa bila maziwa, ndipo matatizo yanapoanza, na nyingi kati ya dhana potofu kuhusu kinywaji hiki ukizifuatilia utazikuta zimetoka kwenye sufuria ileile ya chai ya maziwa.

“Majani yachemke sana ndipo chai ikolee”

Hii ndiyo dhana inayoharibu chai ya barafu kuliko nyingine zote, na ina sababu yake. Jani la chai lina tanini, yaani viambata vinavyoukausha ulimi na kuacha ukakasi. Katika chai ya maziwa, protini za maziwa, hasa kaseini, hushikamana na tanini hizo na kuupunguza ukakasi wake, ndiyo maana mtu anaweza kuyachemsha majani kwa muda mrefu na bado chai ikanyweka vizuri. Maziwa yakiondolewa, hakuna tena cha kuufunika ukakasi huo, na kosa lililokuwa likisitirika kila siku linaonekana kwa mara ya kwanza.

Jambo la pili ni jani lenyewe. Chai nyingi inayouzwa madukani kwetu husindikwa kwa mashine zinazoliponda, kulichana na kuliviringisha jani mpaka likawa punje ndogo, utaratibu uliobuniwa Assam, nchini India, mwaka 1930. Punje hizo zikikutana na maji yaliyochemka huachia rangi, ladha na kafeini kwa haraka sana, kiasi kwamba dakika 3 hadi 4 zinatosha. Kinachozidi kutoka baada ya hapo kwa sehemu kubwa ni ukakasi. Anayetaka chai kali aongeze majani, asiongeze muda. Maji yachemke kwanza, moto uzimwe, majani yatiwe na sufuria ifunikwe, kisha muda ukitimia chai yote ichujwe mara moja, kwa kuwa majani yakiachwa chini ya jagi yanaendelea kuachia tanini hata chai ikiwa imeshapoa.

“Ni chai ya kawaida tu, unatia barafu”

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Ili nusu lita ya chai yenye nyuzijoto 80 ishuke hadi nyuzijoto 5 hivi, inahitaji takriban gramu 400 za barafu, na barafu hiyo huyeyuka karibu yote humohumo. Maana yake ni kwamba kiasi kinachokaribia nusu ya kinywaji kilichomo kwenye jagi ni maji ya barafu, na chai iliyotiwa majani kwa kipimo cha kikombe cha asubuhi inageuka kuwa maji yenye rangi. Zaidi ya hayo, baridi huufanya ulimi usiusikie utamu sawasawa, na harufu haipandi puani kama inavyopanda pamoja na mvuke. Kwa hiyo chai hii hupikwa kwa nguvu maradufu: nusu lita ya maji kwa gramu 10 za majani, ambazo ni vijiko vidogo vinne hivi visivyojaa, kisha ikishachujwa humiminwa juu ya gramu 400 hadi 500 za barafu. Jagi liwe linalostahimili joto, maana kioo cha kawaida kinaweza kupasuka.

Wapo pia wanaoichukua chai ya rangi iliyobaki kwenye chupa tangu alfajiri na kuitia barafu mchana. Chai iliyokaa na joto kwa saa nyingi huwa imeshabadilika rangi, imepoteza harufu na kuwa nzito mdomoni, na barafu hairudishi kilichopotea. Sioni ubaya wa kutotaka kutupa chakula, lakini chai hiyo inyweke hivyo ilivyo; isifanywe msingi wa kinywaji kingine.

“Chai ikichafuka kwenye friji imeharibika”

Mara nyingi haijaharibika. Chai iliyopikwa vizuri, ikakaa kwenye friji, inaweza kutoka ikiwa haipitishi mwanga tena, imefifia kama maji yaliyooshea mchele, na mwenye nyumba akaimwaga yote kwa hofu. Kilichotokea ni kwamba, chai inapopoa, kafeini na baadhi ya viambata vya rangi hushikana na kuwa chembe ndogo zinazoelea. Chai iliyokolea huchafuka zaidi kuliko chai nyepesi, na maji magumu, kama ya visima vingi, huongeza tatizo. Waonjaji wa chai kwa kazi yao huichukua hali hiyo kuwa dalili ya chai bora, kwa sababu chai maskini haina viambata vya kutosha kushikana kiasi hicho.

Dawa yake inaonekana kwa macho. Chukua glasi ya chai iliyochafuka, iweke mbele ya dirisha, umimine maji kidogo yanayochemka huku ukikoroga taratibu. Chembe zile huyeyuka, na rangi ya hudhurungi inarudi kung’aa mbele yako. Ili kuepuka hali hiyo tangu mwanzo, usiiweke kwenye friji chai iliyokolea ikiwa bado ya moto, bali iongeze maji kwanza na uiache ipoe kidogo. Chai iliyoharibika kweli ina dalili nyingine: huwa na utelezi au nyuzinyuzi, povu lisilo na sababu, au harufu ya uchachu. Hiyo imwagwe bila kujadiliana.

“Jua letu linatosha kuiivisha”

Desturi ya kuweka majani na maji kwenye chupa ya kioo na kuianika juani ilienea sana Marekani, na inavutia, hasa kwa anayebana matumizi ya gesi au mkaa. Mimi naipinga kabisa. Maji yaliyoanikwa hupata uvuguvugu tu, hayakaribii kuchemka, na Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba vijidudu hustawi kati ya nyuzijoto 5 na 60, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Chupa iliyokaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri inakuwa katikati kabisa ya kiwango hicho cha hatari. Majani makavu nayo hayana uhakika wa kutokuwa na vijidudu. Ni maji yanayochemka ndiyo yanayoviua.

Anayependa chai laini isiyopikwa motoni ana njia nyingine iliyo salama zaidi, nayo ni ya friji. Gramu 10 za majani hutiwa kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, zikafunikwa na kuachwa ndani ya friji yenye nyuzijoto 5 au chini yake kwa saa 8 hadi 12, kisha chai ikachujwa na kunywewa ndani ya siku moja au mbili. Maji baridi hutoa tanini na kafeini polepole, kwa hiyo chai hiyo huwa na ukakasi mdogo na si rahisi kuchafuka. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ninashauri kubaki na njia ya maji ya moto.

Linaloambatana na hili ni imani kwamba baridi ya barafu huua vijidudu. Haiviui vyote; vingi husinzia tu, na barafu ikiyeyuka vinaamka ndani ya glasi. Kuchemsha maji ya chai kwa uangalifu kisha kutia barafu iliyotengenezwa kwa maji ya bomba yasiyochemshwa ni kazi bure, na katika miji inayokumbwa na kipindupindu ni hatari ya kweli. Maji ya barafu yachemshwe kama yale ya chai.

Sukari, limau na majani

Husemwa kwamba sukari haiyeyuki kwenye chai baridi. Inayeyuka: lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba karibu kilo 2 za sukari. Tatizo ni kwamba inachukua muda, na mnywaji hana subira hiyo. Itiwe chai ikiwa ya moto, au itengenezwe shira nyepesi ya sukari na maji kwa vipimo sawa, ili kila mtu ajipimie.

Limau linapoififisha rangi ya chai, halijaipunguza nguvu. Viambata vya rangi hubadilika tu vinapokutana na asidi. Likamuliwe wakati wa kunywa, na lisikaribie chai yenye maziwa, kwani litayagandisha.

Wengine huamini kuwa chai ya barafu inadai majani marefu ya bei kubwa, na kwamba chai ya punje ndogo ni mabaki ya kiwandani. Madaraja ya chai ya Kenya, kama BP1, PF1, PD na D1, kimsingi hutofautishwa kwa ukubwa wa punje, na ubora unatokana zaidi na jani lilivyochumwa na kusindikwa. PF1 nzuri ya Kericho au ya Nandi hutoa chai ya barafu yenye rangi ya kung’aa na ladha inayostahimili limau, na bei yake haimtishi mtu. Igawe pakiti unapoifungua: ya wiki hii ikae kwenye kopo la karibu, na iliyobaki ifungwe isipate hewa, mbali na viungo, kwa sababu majani ya chai hunasa harufu ya karafuu na bizari upesi.