Eti mababu hawakuandika, basi ukoo umepotea?

Watu kibao wanaamini huwezi kufuatilia ukoo wako kisa mababu hawakuandika kitu, wanakata tamaa hata bibi hawajamuuliza. Sio kweli bana. Parokia za zamani zina madaftari ya ubatizo, Bagamoyo kwa mfano wamisionari walifika 1868, na humo unakuta jina la mtoto, wazazi na msimamizi.

Ila bibi usimuulize mwaka, muulize tukio. Mimi niliuliza baba yake alikuwa wapi wakati wa Majimaji (1905 hadi 1907), akacheka, "mjukuu wangu, alikuwa anachunga mbuzi", fasta nikapata makadirio ya mwaka aliozaliwa.

Na jina la tatu Bongo mara nyingi ni la babu tu, sio la ukoo, ukilifuata hilo kizazi cha pili ushapotea.