Nyuzi 1500 Zimekaa Wapi?

Wiki iliyopita dada mmoja aliingia dukani kwangu Kariakoo na shuka alilonunua kwingine. Hata salamu haikuisha: "Fundi, hili ni la nyuzi 1500, mbona linanitoa jasho usiku kucha?"

Habari ya nyuzi nimeisikia mpaka basi. Watu wanaamini namba ikiwa kubwa, shuka ni zuri. Hiyo namba inatakiwa iwe jumla ya nyuzi za urefu na za upana ndani ya inchi moja ya mraba. Sasa inchi moja si uwanja wa mpira. Ukishapita mia nne, mia tano hivi, nafasi inakuwa ya kugombania. Mwenye kiwanda akitaka kuandika 1000, anachukua uzi uliosokotwa kwa nyuzi nne nyembamba, anauhesabu mara nne. Kitambaa cha 250 kimeshakuwa cha 1000, na bei imepanda nacho.

Hilo angalau ni pamba. La dada yule halikuwa hata pamba. Nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo, nikauwashia kiberiti juu ya kisosi. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake hupukutika ukiyagusa. Ule ulijikunja kukimbia moto, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu na harufu ya plastiki. Poliesta tupu. Poliesta hainyonyi jasho, linabaki hapo hapo kati yako na shuka. Februari ya Dar, feni yenyewe inapuliza joto, ulitegemea nini?

Kwa joto letu mimi nashauri pamba ya nyuzi 200 hadi 400, iliyofumwa moja juu moja chini. Likiwa jipya linakwaruza kidogo kama shati lililotoka kwenye pasi. Usilikatae kwa hilo, kila ukilifua linalainika. Satini ya pamba uzi wake unaruka nyuzi kadhaa ndipo unazama, ndiyo maana inateleza na kung'aa. Mabibi harusi wanaipenda. Mimi nawauzia, lakini nawaambia mapema: ina joto kidogo, na kucha ndefu zinaichomoa nyuzi.

Eti shuka jeupe ni la hoteli, nyumbani litachafuka? La maua linachafuka vilevile, ila uchafu huuoni. Jeupe la pamba likipata doa unalitia jiki, yameisha. La maua ukilitia jiki, umepata tambara.

Na kulazimisha shuka, foronya na pazia vifanane, chumba kimekuwa sare ya kwaya? Shuka liwe la rangi moja, maua yabebwe na foronya. Ukiyachoka unabadili foronya mbili tu.

Halafu kuna hawa wa "kitanda changu sita kwa sita, nipe saba kwa nane." Godoro lina unene gani? Hajui. Futi 6 ni inchi 72. Godoro la inchi 10 linakula 10 kila upande, tumefika 92, na bado hujachomekea popote. Upande wa futi 7 ni inchi 84, haufiki hata hapo. Futi 8 ni inchi 96, zinabaki mbili mbili za kuchomekea. Ukigeuka mara moja usiku shuka limechomoka. Mimi hapo nakata futi 9. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, chukua rula, pima unene wa godoro.