Data huria ya kilimo na lishe: kuweka faili mtandaoni hakutoshi

Gramu 100 za maharage makavu, kabla hayajapikwa, huwa na protini gramu 20 na ushei. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina gramu 8 au 9 hivi. Protini haikupotelea jikoni. Maji yameingia, uzito umeongezeka. Sasa chukua jedwali la virutubishi ambalo safu yake imeandikwa "maharage" basi, bila kusema ni makavu au yamepikwa. Anayepanga mlo wa wanafunzi akilitegemea hilo, kumbe namba ni ya maharage makavu, ataamini watoto wanapata protini zaidi ya maradufu ya ile iliyomo kwenye sahani.

Naanzia hapo kwa sababu data huria ikitajwa, mazungumzo hukimbilia tovuti na seva, na kazi yenyewe inasahaulika. Data ni huria pale mtu yeyote anaporuhusiwa kuipata, kuitumia, kuichanganya na nyingine na kuisambaza, kwa sharti dogo kama kutaja ilikotoka. Ruhusa hiyo lazima iandikwe. Faili iliyowekwa mtandaoni bila leseni bado ni mali ya mwenyewe, na mtu makini ataiacha hapo hapo. Ripoti iliyopigwa picha na kubandikwa kama PDF nayo ina shida yake: namba unaziona, kompyuta haizioni, na mtu itabidi akae kuzinakili moja moja hadi macho yamuume.

Uwazi ukifanywa sawasawa matokeo yake hupimika. Setilaiti za Landsat za Marekani zinapiga picha za ardhi tangu 1972. Zamani picha moja iliweza kuuzwa dola 600, na mwaka 2001, ambao ndio uliokuwa na mauzo makubwa kuliko yote, ziliuzwa kama 25,000. Mwishoni mwa 2008 zikatolewa bure. Ndani ya mwaka mmoja hivi zilikuwa zimepakuliwa takriban milioni moja. Baadaye Ulaya ikafuata mkondo huo na setilaiti zake za Sentinel, na leo mtafiti asiye na senti anaweza kufuatilia shamba likikauka wiki hadi wiki.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Kolombia. Chama cha wakulima wa mpunga, Fedearroz, kilikuwa na kumbukumbu za mavuno za miaka mingi. Kituo cha utafiti cha CIAT kikazioanisha na takwimu za hali ya hewa. Mwaka 2014 uchambuzi ukaonyesha kwamba katika jimbo la Córdoba msimu wa kwanza ungekuwa mkavu, na ushauri ukawa mkulima asipande kabisa. Wakulima wapatao 170 walikubali. Ukame ukaja, na mbegu na mbolea yao vikanusurika. Nikiri kwamba data ile ilitolewa kwa makubaliano kati ya pande mbili, haikumwagwa hadharani. Lakini ilikuwa imekaa tu kwenye makabati kabla mtu hajaiomba.

Mpango wa kimataifa wa GODAN, ulioanzishwa 2013 kuhimiza uwazi huu katika kilimo na lishe, ulikumbana mapema na swali gumu: data ya nani? Bei za sokoni, mvua, sampuli za udongo, aina za mbegu na majedwali ya virutubishi hazina sababu ya kufichwa. Jina la mkulima, mipaka ya shamba lake hadi mita ya mwisho, madeni yake, uzito wa mwanawe kliniki, hayo ni mengine. Na kufuta jina peke yake hakumfichi mtu. Kijiji chenye mfugaji mmoja wa nyuki kitamtambua kwa safu ya "asali". Hivyo namba za mashamba zinajumlishwa hadi ngazi ya wilaya, na mkulima anaelezwa mapema, kwa lugha anayoielewa, nani ataziona namba zake. Mlanguzi mwenye mtandao wa kasi na mchambuzi wa kuajiriwa atazifaidi kabla yake, hilo tusidanganyane.

Kisingizio ninachokisikia mara nyingi ofisini ni kwamba data ina makosa, ngoja kwanza tuisafishe. Usafi huo haufiki. Ni afadhali itoke ikiwa na maelezo ya pembeni: mavuno yamepimwa kwa kilo kwa hekta au magunia kwa ekari, gunia ni la kilo ngapi, nani alipima, lini, kwa mizani au kwa kumuuliza mkulima, na kisanduku kitupu kwenye jedwali kina maana ya sifuri au hakuna aliyekwenda kupima. Hilo la mwisho huharibu wastani wa wilaya nzima, na aliyekusanya anaweza kulijibu kwa dakika mbili kabla hajahamishwa kituo.