Hoja sio neno moja: tuongelee esei za Things Fall Apart

Nasahihisha esei za litrecha karibu kila wiki, za fom faivu na fom siksi wa HKL na HGL (ile michepuo ya historia, Kiswahili na Kiingereza, au historia, jiografia na Kiingereza), na nikishika rundo la Things Fall Apart najua kabla sijafungua kwamba nyingi zitaanza na Chinua Achebe alizaliwa 1930 huko Ogidi, Nigeria, riwaya ikatoka 1958, jina la kitabu katoa kwenye shairi la Yeats, mshairi wa Ireland. Yote kweli kabisa. Ila mtu kashakula nusu ukurasa na swali halijaguswa, na swali lenyewe lilikuwa linauliza Okonkwo, mhusika mkuu, anaangushwa na wakoloni au anajiangusha mwenyewe. Sasa huyo Yeats anatusaidia nini hapo?

Af baada ya intro zinaanza pointi. Hii hapa nimeitunga mimi ila yeyote anayesahihisha ataitambua: "Pointi ya kwanza ni usaliti. Usaliti ni kitendo cha kumgeuka mtu anayekuamini. Katika riwaya hii Okonkwo anamsaliti Ikemefuna kwa kumuua wakati kijana huyo anamwita baba. Hali hii ipo hata katika jamii yetu ya leo ambapo viongozi wengi wanawasaliti wananchi waliowachagua." Halafu anaruka mstari, pointi ya pili ni mila na desturi, mila na desturi ni nini, haya twende.

Hamna sentensi ya uongo pale, na Kiingereza cha mtu kinaweza kuwa kizuri tu. Lakini hamna hoja. "Usaliti" ni mada, ni kichwa cha habari. Hoja ni sentensi nzima ambayo mtu mwenye akili zake aliyesoma kitabu kilekile anaweza kusimama akasema hapana, mi sikubali, na we ukabaki na kazi ya kumwonyesha kwenye kitabu kwa nini unasema hivyo. Nani atabisha kwamba kuna usaliti kwenye Things Fall Apart? Hakuna. Basi kama hakuna wa kubisha huna cha kuthibitisha, na ndo maana aya inaishia kusimulia tukio na kurukia viongozi wetu wa leo, kwa sababu ukishataja neno umeshamaliza, unabaki kujaza nafasi.

Najua hii inatoka wapi. Tangu fom tatu tunafundishwa fani huku maudhui kule, kwenye maudhui kuna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, kwenye fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari, mtu anakremu jedwali, anahamia darasa la Kiingereza na jedwali lake kichwani, anakuta na pamfleti za stationery zimepangwa vilevile. Na maswali ya mtihani nayo yanasema toa pointi tatu kutoka kila kitabu. Kwahiyo siwalaumu. Ila pointi tatu sio maneno matatu.

Tuingie kitabuni, sura ya 7, maana ndo sura inayotajwa na kila mtu na kusomwa na wachache. Ikemefuna, kijana aliyetolewa na kijiji kingine kama fidia, kakaa kwa Okonkwo miaka mitatu, Umuofia (jamii ya Okonkwo) wameamua auawe, wanaume wanamtoa kijijini wakimdanganya kwamba anarudishwa kwao. Yuko njiani, mtungi wa pombe kichwani, na Achebe badala ya kutupeleka haraka kwenye panga anatuweka ndani ya kichwa cha mtoto. Dogo anawaza mama yake yuko hai au kafa. Anaimba kimoyomoyo wimbo wa utotoni, anatembea kwa mapigo yake, wimbo ukiishia mguu wa kulia mama mzima, ukiishia wa kushoto mama kafa, halafu anajirekebisha, hapana sio kafa, anaumwa tu. Unaishia kulia. Anaimba tena, unaishia kushoto, anasema mara ya pili haihesabiki. Kila mtu kashacheza michezo ya hivyo na nafsi yake. Halafu mwanaume mmoja nyuma yake anakohoa kusafisha koo, mtoto anageuka, anakaripiwa aendelee mbele, na anajiuliza kwa nini Okonkwo karudi nyuma kabisa ya msafara.

Hapo ndo mahali pa kupunguza mwendo. Panga likishainuliwa tunatoka kwenye kichwa cha mtoto tunaingia kwa Okonkwo, na Okonkwo anageuza uso. Haoni. Anasikia pigo, mtungi unaanguka na kuvunjika mchangani, anasikia mtoto analia kwamba baba wameniua, anamkimbilia yeye. Na hapo Okonkwo, kapumbazwa na hofu, anachomoa panga lake na kummaliza. Ndo inakuja ile sentensi fupi inayofunga tukio: aliogopa kuonekana dhaifu.

Angalia ilivyopangwa. Sababu inakuja baada ya kitendo, kama maelezo ya mtu aliyechelewa. Hofu imetajwa mara mbili ndani ya sentensi mbili zinazofuatana, kabla ya panga na baada ya panga, kwahiyo panga liko katikati ya hofu. Na kinachomtisha ni macho ya watu, mtu ambaye sekunde chache nyuma kageuza macho yake mwenyewe asione. Hizi zote zimo kwenye maandishi, sijaleta kitu kutoka nje, wala sijahitaji kumtafsiri mtu "usaliti ni nini".

Sasa kutoka hapo unapata hoja: Okonkwo anamuua Ikemefuna kwa woga na sio kwa utii wa mila. Hii mtu anaweza kubisha, na wanabisha kweli, kila nikiitaja darasani kuna mkono utanyooka, "lakini ticha mila ndo zilimlazimisha". Safi sana, nakipenda kile kipingamizi, kiweke kwenye esei yako ukijibu. Unakijibu na nini? Na mzee Ezeudu, anayekuja kumwambia Okonkwo kabla kwamba ndio, Umuofia imeamua, kauli imetoka kwa mungu wa Milima na Mapango, lakini we usihusike, huyo mtoto anakuita baba. Na Ezeudu sio mtu laini, enzi zake alikuwa mpiganaji asiyeogopa kitu. Af na Obierika, rafiki yake kipenzi, alibaki nyumbani, na kwenye sura ya 8 anamwambia wazi kwamba mungu akisema mwanangu auawe sitabisha ila sitakuwa mimi wa kumuua. Kwahiyo ndani ya mila hiyohiyo kulikuwa na mlango wa kutokea, watu wawili wanaoheshimika wameuonyesha, Okonkwo hakupita.

Aya yenyewe ingekaa hivi, naiweka kwa Kiswahili ili usinikopie kwenye pepa: "Ingawa uamuzi wa kumuua Ikemefuna ni wa Umuofia nzima, Achebe anauonyesha mkono wa Okonkwo kama kazi ya woga wake binafsi. Ezeudu, mpiganaji mwenye sifa, amemwonya asihusike, hivyo mila haikumdai pigo hilo. Hata mwandishi anapotueleza sababu, anaileta baada ya pigo na kwa sentensi moja fupi, aliogopa kuonekana dhaifu, kana kwamba Okonkwo mwenyewe hakuwa na sababu mpaka alipomaliza." Basi. Sentensi tatu. Hakuna ufafanuzi wa kamusi, hakuna kusimulia safari nzima, msahihishaji kitabu kakisoma jamani, hahitaji kuhadithiwa.

Na umeona fani na maudhui zimekaa sehemu moja? Ule mpangilio wa sentensi ni fani, woga ni maudhui, lakini ukivitenga hoja inakufa. Ndo maana ile pointi ya mwisho ya esei nyingi, "mwandishi ametumia pia tashbiha na methali", huwa nairuka tu. Ametumia, sawa, ili iweje?

Pointi tatu zinatakiwa zipande. Hapa wengi wanapoteza maksi bila kujua, kwa sababu wanazipanga kama orodha ya sokoni, ukibadilisha ya kwanza ikawa ya tatu hakuna kinachoharibika. Jaribu hilo kwenye esei yako, badilisha aya, kama hakuna kilichovunjika basi hakuna kilichojengwa. Kwa swali letu mi ningeanza na woga wa sura ya 7. Pointi ya pili ningeenda kwa Nwoye, mtoto wa Okonkwo, maana usiku baba yake aliporudi, bila kuambiwa chochote, alijua Ikemefuna kauawa na kitu kikakatika ndani yake, Achebe anakifananisha na upinde uliokazwa unapokatika, na anasema alishawahi kuhisi hivyo aliposikia mapacha waliotupwa wanalia msituni. Wamishenari wanakuja miaka kadhaa baadaye wakati familia iko uhamishoni Mbanta, na kinachomvuta Nwoye kwao ni wimbo, sio mahubiri, ule wimbo unajibu swali lake la mapacha na la Ikemefuna. Kwahiyo hoja inakuwa kanisa halikumnyang'anya Okonkwo mtoto, lilimkuta ameshatoka. Ya tatu inafunga na Unoka, baba mtu, mpiga filimbi mwenye madeni, ambaye Okonkwo kaishi maisha yake yote akikimbia kufanana naye (sura ya 2 inasema hivyo bila kuficha). Unoka alikufa na ugonjwa wa kuvimba, ardhi, ambayo kwao ni mungu, ikakataa kumpokea, wakampeleka msituni akafia huko bila kaburi. Mwisho wa kitabu Okonkwo anajinyonga, nayo ni chukizo kwa ardhi, watu wake hawaruhusiwi kumgusa, wageni ndo wamshushe na kumzika. Kakimbia kote kule kaishia alipoishia baba yake.

Ukishafika hapo utajiona umeshinda, na hapohapo kitabu kinakugeuka. Obierika, yuleyule wa sura ya 8, anamgeukia DC (mkuu wa wilaya wa kikoloni) anamwambia huyu alikuwa mmoja wa watu wakubwa wa Umuofia na ninyi ndo mliomfikisha kujiua. Anawabebesha wakoloni moja kwa moja, na esei inayosema Okonkwo kajiangusha haiwezi kujifanya haijasikia. Mwanafunzi wa kawaida anaificha hii sehemu kwa sababu inaharibu pointi zake. Anayepata maksi za juu anaileta mwenyewe, anasema Obierika yuko sahihi kuhusu nani alifunga njia zote za kutokea, maana kweli DC aliwaita viongozi kwa mazungumzo akawafunga na walinzi wake wakawanyoa na kuwachapa, lakini kwamba Okonkwo akikosa njia angefikia panga, hilo tulishalijua tangu sura ya 7. Kwahiyo jibu lake linakuwa vyote viwili lakini kwa mpangilio, na sio ile "kwa hiyo sababu zote mbili zilichangia" ya kumaliza muda.

Mambo madogo haraka haraka. Tumia wakati uliopo, Okonkwo anaua, anajinyonga, sio aliua. Andika sura badala ya ukurasa, maana kopi zinatofautiana. Nukuu fupi unayoikumbuka vizuri inatosha, usibuni maneno ukayafungia alama za kunukuu, inaonekana. Mhusika sio jirani yako, usimshauri kwamba alitakiwa aende kwenye kikao cha usuluhishi. Kama Kiingereza cha kitabu kinakubana, kuna tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo, ya 1973, soma ile kwanza upate mtiririko kisha rudi kwenye Kiingereza na kalamu mkononi, sioni aibu yoyote hapo, ila uchambuzi wa sentensi ufanye kwenye Kiingereza maana ndo unachosahihishiwa. Na ule mkia wa "hata katika jamii yetu ya leo" uweke pale tu swali linapouliza kitabu kinahusianaje na jamii yako, kwingine kata.

Konklusheni nayo usirudie pointi tatu kwa maneno mengine. Aya ya mwisho ya kitabu inakupa nyenzo ya bure: DC anaondoka akiwaza kitabu anachokiandika, anafikiria habari ya Okonkwo inaweza kujaza sura nzima, au labda sio sura, aya ya kutosha tu. We umetoka kusoma sura 25 za mtu huyo. Uliza swali lako upya ukiwa umesimama hapo, kwamba DC akiulizwa nani kamwangusha Okonkwo atajibu nini kwenye aya yake, na kwa nini Achebe kaamua yeye ndo awe wa mwisho kuongea. Wiki ijayo nikipata muda nitafanya Mr Brown na Reverend Smith, wale wamishenari wawili, kwa sababu pale kila mtu anaandika mmoja mpole mwingine mkali halafu anaweka nukta.