Alama Katika Kozi ya Utangulizi wa Sosholojia: Kinachopimwa na Sababu Yake

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wengi huingia katika kozi ya utangulizi wa sosholojia wakiamini kwamba somo hili wanalifahamu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa wamekulia katika familia, wamepita shuleni na wameshuhudia ndoa na talaka, umaskini na utajiri. Insha ya kwanza inaporudi ikiwa na alama 48, na pembeni pameandikwa "haya ni maoni, ushahidi uko wapi?", mwanafunzi huhisi kwamba ameonewa, au kwamba mhadhiri ameuchukia msimamo wake. Kwa kawaida sivyo. Kinachosahihishwa ni njia aliyoitumia kuufikia msimamo huo, na mwanafunzi anastahili kuielewa njia hiyo kabla hajaanza kuandika.

Sehemu kubwa ya matarajio ya kozi imeegemea tofauti ambayo mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliieleza mwaka 1959: tofauti kati ya tatizo la mtu binafsi na suala la umma. Mfano wake ulihusu ajira. Katika mji wenye watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja tu, ni haki kutafuta sababu katika ujuzi wake, tabia yake na nafasi zilizo mbele yake. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, jibu haliwezi kupatikana kwa kuchunguza tabia ya mmoja mmoja, kwa maana mfumo wenyewe wa fursa umeporomoka. Mwanafunzi anayevuka kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili, na akaonyesha amevukaje, ndiye anayepata alama za juu. Asiyevuka, hata akiandika kwa lugha fasaha, ataishia katika madaraja ya kati au chini yake.

Tuchukue swali la kawaida katika kozi hii: kwa nini watoto wa familia maskini huacha shule zaidi kuliko watoto wa familia zenye kipato kizuri? Mwanafunzi mmoja anaweza kujibu: "Wazazi maskini hawaithamini elimu na watoto wao hawana nidhamu. Wakijitahidi watafaulu." Mwingine anaweza kuandika: "Tofauti hii inaweza kutokana na kipato ambacho familia hukikosa mtoto anapokuwa darasani badala ya kufanya kazi. Inaweza pia kutokana na kile ambacho mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alikiita mtaji wa kitamaduni, yaani lugha, mazoea na maarifa ambayo shule huyadai bila kuyafundisha. Kama gharama ndiyo sababu kuu, tungetarajia watoto wachache zaidi waache shule pale familia inapopewa msaada wa fedha. Wasipopungua, inabidi tuichunguze shule yenyewe." Katika jibu la pili msahihishaji anaona dai, dhana iliyowekwa mahali pake, na namna ambavyo dai hilo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Katika la kwanza anaona hukumu peke yake. Ni muhimu kusisitiza kwamba mwanafunzi wa kwanza angeweza kuendelea kutetea nafasi ya mitazamo ya wazazi na bado akapata alama nzuri, mradi alete data kuhusu mitazamo hiyo, alinganishe familia za vipato tofauti, na akubali kuzipima sababu nyingine zinazoshindana na ya kwake.

Mwanasosholojia mwingine wa Ufaransa, Émile Durkheim, alitoa kielelezo cha kazi ya namna hii mwaka 1897 alipochunguza kujiua, tendo linaloonekana kuwa la siri ya mtu kuliko matendo mengine yote. Alilinganisha viwango vya makundi, akaona kwamba vya Waprotestanti vilikuwa juu kuliko vya Wakatoliki, akazihusisha tofauti hizo na kiwango cha mshikamano wa watu katika makundi yao. Watafiti waliomfuata wamezikosoa takwimu zake na namna alivyozitumia, na mwanafunzi anayeuelewa ukosoaji huo huonekana mara moja katika mtihani, kwa sababu anajua kwamba kiwango cha kundi hakitoshi kumweleza mtu mmoja aliye ndani ya kundi hilo. Kosa la kumweleza mtu mmoja kwa kiwango cha kundi lake ni la kawaida sana katika insha za mwaka wa kwanza, sawa na lile la kudhani kwamba mambo mawili yakitokea pamoja basi moja limelisababisha jingine. Yote mawili hupunguza alama nyingi kwa sababu yanabomoa hitimisho zima.

Mgawanyo wa alama huandikwa katika muhtasari wa kozi, waraka ambao kwa bahati mbaya wengi huufungua mara ya kwanza wiki ya mtihani. Chukua kozi ambayo jaribio lina uzito wa asilimia 20, insha 20, mazoezi na ushiriki 10, na mtihani wa mwisho 50. Mwanafunzi aliyepata 65 katika jaribio, 80 katika mazoezi na 60 katika mtihani amekusanya alama 13, 8 na 30, jumla 51, kabla ya insha. Akiwasilisha insha ya kiwango cha 50 anaongeza alama 10 na kufika 61. Akiichelewesha na kukatwa hadi 40, bado anapata 8 na kufika 59. Asipoiwasilisha kabisa anabaki na 51, na ili azifidie zile alama 10 ingembidi apate 80 katika mtihani badala ya 60. Ndiyo maana tunawasihi wanafunzi wawasilishe kazi hata wanapoiona dhaifu, na waombe muda wa ziada kabla ya tarehe ya mwisho wanapougua au kufiwa.

Kuhusu muda, mifumo ya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, husema wazi kinachotarajiwa, ingawa wachache huisoma hivyo. Katika mfumo wa Ulaya, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo kozi ya krediti 6 inadai saa 150 hadi 180, ikijumlisha mihadhara, kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Nchini Marekani hesabu iliyozoeleka ni saa 1 darasani na angalau saa 2 nje ya darasa kila wiki kwa kila krediti, katika muhula wa wiki 15 hivi; kozi ya krediti 3 inafikia saa 9 kwa wiki. Sehemu kubwa ya saa hizo ni za kusoma, na kusoma kunakotarajiwa ni kule kunakomwezesha mtu kueleza kwa maneno yake dai la mwandishi, ushahidi aliouleta na mahali ambapo hoja yake inalegea.

Kozi nyingi huwa na zoezi dogo la utafiti, kama mahojiano mafupi au uchunguzi wa mahali pa umma. Hapa maadili nayo hupimwa. Anayehojiwa aelezwe lengo la zoezi, aridhie mwenyewe, awe huru kuacha wakati wowote, na jina lake lisionekane katika ripoti. Ripoti nzuri pia hukiri mipaka yake: mahojiano na watu watano unaofahamiana nao hayawezi kuzungumzia taifa zima, na kulisema hilo wazi huongeza alama.

Kuchukua maneno au mawazo ya mwandishi bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma, hata pale maneno machache yamebadilishwa na mpangilio wa hoja ukaachwa ulivyokuwa. Kwa upande wa programu za akili mnemba, fuata kanuni ya kozi yako, na uliza kama haikuandikwa. Programu hizo zinaweza kubuni majina ya vitabu na makala ambayo hayapo, na anayewajibika kwa kila rejeo ni mwanafunzi aliyeiwasilisha kazi.

Karatasi inaporudi, soma maelezo ya msahihishaji ukiwa na mwongozo wa usahihishaji mkononi. Katika miongozo mingi, uelewa wa dhana na matumizi ya ushahidi hubeba alama nyingi kuliko tahajia, ingawa tahajia ndiyo inayowatia hofu wengi. Ukiona alama uliyopewa hailingani na vigezo, una haki ya kuomba ufafanuzi. Nenda ukiwa umeweka alama kwenye aya husika na kigezo unachoamini umekitimiza, kisha eleza jinsi aya hiyo inavyokitimiza. Mhadhiri anaweza kulijibu ombi la namna hiyo kigezo kwa kigezo, na pale anapoona kwamba alipitiwa, ana msingi wa kurekebisha alama.