Hell's Gate: mbuga unayoweza kuingia kwa baiskeli

Wengi husema huwezi kuingia mbuga ya taifa bila gari. Kwa mbuga nyingi ni kweli, maana simba hajali kengele ya baiskeli. Lakini Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ni tofauti. Tangu ilipotangazwa mbuga mwaka 1984, imekuwa maarufu kwa waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, na baiskeli za kukodi zinapatikana karibu na lango la Elsa.

Dhana ya pili inachosha watu zaidi: kwamba barabara isiyo na msongamano ni barabara rahisi. Hii ni nchi ya volkano. Kutoka Elsa unapita mwamba wa Fischer, kisha bonde linashuka polepole kati ya kuta za mawe hadi korongo la Ol Njorowa. Unakwenda bila kutoa jasho, ukipishana na pundamilia na ngiri. Kurudi ndiko kwenye kazi: kupanda, jua la mchana, na vumbi laini la majivu ya volkano linaloshika magurudumu. Jaribu breki na gia zote kabla hujalipa, na ubebe maji ya kurudia.

Tena si kwamba magari hayapo kabisa. Yapo, ila machache. Nyati nao wapo, kwa hiyo usiwasogelee kwa ajili ya picha. Mawingu yakitanda, usishuke korongoni: mafuriko ya ghafla yameshaua watu humo.