“Sisi tusome tu, kufafanua ni kwa padre”: dhana potofu kuhusu wanawake na masomo ya Dominika

Tulikuwa kina mama sita, Jumamosi jioni, Biblia zimefunguliwa kwenye Injili ya kesho yake. Mkubwa wetu kwa umri akaifunga yake na kusema, “Sisi tusome tu, wanangu. Kufafanua ni kwa padre.” Hakuna aliyembishia. Tukasali Baba Yetu, tukaagana. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile, na mengine niliyaamini mwenyewe kwa miaka mingi.

“Kufafanua Neno ni kazi ya padre”

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Homilia, yaani mahubiri ndani ya Misa, ni ya padre au shemasi. Ndivyo inavyoagiza kanuni ya 767 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Lakini homilia ni jambo moja, na kutafakari Neno ni jambo jingine. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake juu ya Ufunuo wa Mungu, uliwahimiza waamini wote wayasome Maandiko mara kwa mara, ukikumbusha usemi wa Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Waamini wote, wake kwa waume, waliosoma teolojia na wasioisoma.

Kanisa hilohilo limewatangaza wanawake 4 kuwa Walimu wa Kanisa, yaani watakatifu ambao mafundisho yao ni hazina kwa Kanisa zima: Teresa wa Avila na Katarina wa Siena mwaka 1970, Teresa wa Mtoto Yesu mwaka 1997, na Hildegarda wa Bingen mwaka 2012. Katarina hakukaa darasani. Na Januari 2021 Papa Fransisko alibadili kanuni ya 230 ili wanawake nao waweze kupewa rasmi huduma ya usomaji wa Neno.

“Mambo ya jikoni hayafikii ukuu wa Maandiko”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu Yesu mwenyewe hakuona hivyo. Alipotaka kuueleza Ufalme wa mbinguni, alimchukua mwanamke anayekanda unga (Mathayo 13:33, Dominika ya 16 ya Mwaka A, katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu: A, B na C). Tazama kiasi: pishi tatu. Huo si unga wa mlo wa mume na watoto wawili. Ni wa kulisha watu mia hivi. Mwenye kukanda anajua mabega yanavyochoka kwa donge la ukubwa huo. Anajua pia kwamba chachu ikishaingia huwezi kuitoa tena, na kwamba kuna muda ambao hakuna la kufanya ila kufunika na kungoja liumuke. Nilisoma fafanuzi kadhaa za mfano huu kabla sijakutana na neno hilo la kungoja. Nililisikia kwa mama aliyekuwa akioka mikate kila alfajiri.

Kisha kuna yule mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi (Luka 15, Dominika ya 24 ya Mwaka C). Anawasha taa, anafagia, anatafuta mpaka aione, halafu anawaita rafiki na jirani wafurahi naye. Aliyekwisha kubana matumizi ya nyumba anaona mara moja: mafuta ya taa yana gharama, na kuwakaribisha majirani kuna gharama. Hesabu haikubali, lakini furaha imemzidi. Na huyo mwenye ufagio, katika mfano huo, ni Mungu. Mchungaji wa kondoo tumemchora kwenye kuta za makanisa yetu. Huyu mama tumemsahau pembeni.

“Martha alikosea kwa kufanya kazi”

Martha alihangaika na kuhudumia huku dada yake Maria ameketi akimsikiliza Yesu. Rudia maneno ya Luka 10:41: Yesu anamwambia anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Anachogusa ni fadhaa yake. Na Martha huyohuyo, katika Yohane 11:27, anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, ungamo linalofanana sana na lile la Petro. Tunalisikia Dominika ya 5 ya Kwaresima, Mwaka A, na mara nyingi linapita bila kutajwa kwa kuwa macho yote yako kaburini kwa Lazaro.

“Kutafakari kwa maisha ni kusema chochote kinachokuja moyoni”

Hapa nawaonya wenzangu kwa upendo. Katika karne ya 12 mmonaki Guigo wa Pili alipanga ngazi nne za kusali kwa Maandiko: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa ukimya. Kusoma kumetangulia. Tukiruka ngazi hiyo, tutakuwa tunasimuliana habari zetu na kuziita Injili.

Mjane wa senti mbili ni mfano mzuri (Marko 12:38-44, Dominika ya 32 ya Mwaka B). Ukianzia mstari wa 41, kama somo fupi linavyoruhusu, unasikia habari ya kutoa vyote. Ukianzia wa 38, Yesu ametoka tu kuwalaani walimu wa sheria “ambao hula nyumba za wajane”. Mwenzetu mmoja mjane alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Basi alimwonea uchungu kabla hajamsifu.” Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa maisha yake, lakini pia kwa sababu mistari mitatu ya juu inambeba.

“Mke mwema wa Mithali ni mwanamke wa ndani tu”

Dominika ya 33 ya Mwaka A, somo la kwanza ni Mithali 31, lakini halisomwi lote. Husomwa mistari ya 10 hadi 13, 19 na 20, kisha 30 na 31. Kwa hiyo kanisani tunasikia sufu na kitani, mikono inayosokota, mikono inayowakunjulia maskini, na kumcha Mungu. Yote ni mema. Yaliyorukwa ndiyo hayajulikani: mstari wa 16 anaangalia shamba na kulinunua, wa 24 anashona nguo na kuziuza, wa 26 anafumbua kinywa chake kwa hekima. Na Injili ya siku hiyo ni ya talanta, watumishi waliopewa mtaji na mmoja akauzika ardhini. Fungua Biblia nyumbani, usome sura nzima, ndipo utaona kwa nini masomo hayo mawili yamewekwa pamoja.

Tulifanya hivyo jioni moja, yule mama mkubwa akiwepo. Tulipofika mstari wa 18, “huona kama bidhaa yake ina faida, taa yake haizimiki usiku”, alituomba turudie. Tukarudia. Kisha akaanza kufafanua.